Jina la Saba

Katumba Songwe
Jumapili, 28 Januari 2018

(Hii sikuituma. Niliikunja nikaificha ndani ya daftari la Baiolojia.)

Shangazi,

Nimeruka salamu kwa makusudi. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi ambaye nalala naye chumba kimoja.

Ile karatasi uliyoletewa kwa basi, yenye majina saba ya watu waliokufa maji hapa kwetu, niliiandika mimi. Ulipokuja Desemba ulisema mbele ya mkutano, "Nileteeni majina. Nikisema bungeni kwamba watu wengi wanakufa, watanisikiliza kisha wataendelea na mambo mengine. Jina la mtu ni gumu kulipita." Watu walikupigia makofi wakaenda kwao. Nilisubiri wiki mbili nione nani ataandika. Hakuna aliyeandika. Basi nilichukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba, na kila nilipofika nilisema Bibi ndiye amenituma, kwa sababu nikisema nimekuja kwa hiari yangu sauti haitoki.

Majina sita nina uhakika nayo. La kwanza ni la Nancy, ambaye tulikaa dawati moja mpaka darasa la saba. Hilo sikuhitaji kumuuliza mtu.

La saba nililipata nyumba ya mwisho kabla ya mto, kwa akina Mwakalobo. Nilimkuta Beatrice, mke wa Jackson, anapepeta mchele peke yake. Aliniambia kwamba aliyekufa maji kwenye mkondo wa mto Machi mwaka jana ni baba mzazi wa mume wake. Nikamuuliza jina. Akacheka kidogo.

"We Atupele, umesoma mpaka umesahau ulikozaliwa? Mimi ni mkwe hapa. Nitalitajaje?"

Nilikuwa nalijua hilo. Wewe mwenyewe umekulia hapa, unajua mke hamtaji baba mkwe wake wala hamtazami, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Lakini hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Nikamwambia, "Basi nitataja mimi, wewe nionyeshe tu kama ndiye." Kwa akina Mwakalobo nilikuwa nimewahi kusikia jina moja tu, la mzee Anyisile. Nikalitaja. Beatrice akajifunika kanga usoni akageukia ukuta. Nikaandika.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipofikiri. Angejifunika hata ningetaja jina la ndugu wa huyo mzee, maana ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Kujifunika kwake hakukuwa jibu. Ilinipasa nirudi niwaulize wanaume wa nyumba ile. Sikurudi, kwa aibu.

Atupele


Katumba Songwe
28 Januari 2018

Shangazi Veronika,

Mugonile. Huku tumeamka salama, ila Bibi mguu wa kushoto unamsumbua kila wingu linapotanda, na safari hii mawingu hayatoki. Anasema uache kutuma dawa za kuchua, utume kitenge. Baba bado yuko Chunya. Kokoa imeanza kuchanua upande wa nyuma, na nguruwe wa jirani ameshakula mihogo yetu mara mbili.

Nakuandikia barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ninanyamaza, wewe unasema "haloo, haloo," halafu salio la Bibi linaisha. Bahasha hii nampa Baba Naila, yaani Abasi mwenye duka la karibu na shule, ndiye anayejuana na makondakta.

Nilitaka ujue kwamba ile orodha ya majina saba niliiandika mimi. Watu wanadhani ni mwalimu mstaafu. Tafadhali waache waendelee kudhani hivyo.

Mvua ikizidi, mto Songwe utarudi kwenye mkondo wake wa zamani kama kila mwaka, na sisi wa huku tutabaki kisiwani, shule na zahanati vikiwa upande wa pili. Na mimi huvuka hapo kila asubuhi. Ndiyo maana niliandika.

Mwanao,
Atupele


Dodoma
18 Februari 2018

Mwanangu Atupele,

Barua yako imenikuta nikiwa na mafua ya vumbi la huku. Nimeisoma nikiwa kitandani, nikainuka, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Mwambie mama kitenge kinakuja, na dawa nitaendelea kutuma, aichue hata miguu ya kitanda.

Kumbe ni wewe! Nilipoona ule mwandiko nilisema huyu ni mtu aliyefundishwa na masista. Sikudhani ni mtoto niliyekuwa namsahihishia insha sakafuni kwa mama yangu.

Sasa nisikilize, maana hapa naongea na mwenzangu kazini. Mimi ni mbunge wa viti maalumu, tena wa upinzani. Sina mfuko wa jimbo wala gari la kuleta mifuko ya saruji. Mtu akija kwangu analia kwamba zahanati haina kitanda cha kujifungulia, silaha yangu ni mdomo na karatasi. Na mdomo wenyewe una kipimo. Chama chetu kikipewa dakika kumi, tunagawana wawili, mimi naondoka na tano. Nimejipima kwa saa ya ukutani, kusoma majina saba, umri wao na walikokuwa wanakwenda ni dakika moja na nusu. Zinabaki tatu na nusu za kuomba daraja la waenda kwa miguu.

Kwa hiyo nakuuliza jambo moja tu. Kila jina umelihakikisha kwa mtu wa damu? Jina moja likiwa na kasoro, wataling'ang'ania hilo, na yale mengine yatakuwa kama hayakusomwa. Nilikusudia nije mwezi huu nipite mwenyewe kwenye nyumba hizo, lakini nimebanwa. Nijibu mapema.

Nimekuwekea kumbukumbu za mkutano uliopita wa Bunge. Najua wasichana wengine wa umri wako wangelia kwa zawadi ya namna hiyo.

Shangazi yako,
Veronika


Katumba Songwe
11 Machi 2018

Shangazi,

Mugonile. Kitenge kimefika, Bibi amekikunja akakiweka chini ya godoro, anasema cha kwenda nacho kanisani Pasaka. Kumbukumbu za Bunge nimezisoma zote. Kilichonishangaza ni kwamba hata makofi yameandikwa, kwenye mabano.

Mkondo umejaa tangu tarehe mbili. Tunavuka kwa mtumbwi wa shina moja, watu sita kwa mara, na wanafunzi tunaambiwa tushike madaftari kichwani. Siku tatu sikwenda shule. Mwalimu wa Hisabati aliniuliza, "Atupele, ulikuwa mgonjwa?" Nikasema ndiyo, maana ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jumamosi nilikwenda mashineni kukoboa mpunga. Kulikuwa na foleni ndefu na nilikutana na watu wengi.

(Hapa nilikata mistari miwili kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.)

Uliuliza kuhusu majina. Yote saba ni majina ya watu wa hapa kwetu.

Bibi anasali kwa ajili yako kila jioni na anakutaja kwa jina lako la utotoni, ambalo sitaliandika kwa sababu barua inaweza kufunguliwa.

Atupele


Dodoma
4 Mei 2018

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mama. Nafupisha kwa sababu kondakta ananisubiri.

Jana nimeyasoma. Ilikuwa bajeti ya ujenzi, nilipewa nafasi ya mwisho kabla ya mapumziko, watu wameshaanza kukusanya makaratasi. Nikaanza na Nancy, miaka kumi na mitatu, alikuwa anakwenda kufanya mtihani. Nilipofika jina la tatu, ukumbi ulikuwa umetulia kiasi kwamba nilisikia feni. Mzee mmoja wa upande wa pili, ambaye huwa ananizomea hata nikikohoa, aliinamisha kichwa. Naibu waziri aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika.

Hatujapata daraja. Lakini majina ya watu wetu sasa yako kwenye kumbukumbu rasmi, na baada ya miaka hamsini mtu akifungua ukurasa ule atakutana na Nancy.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu.

Veronika


Dodoma
16 Mei 2018

Mwanangu Atupele,

Hamjambo? Mguu wa mama je? Mimi mzima. Huku baridi ya asubuhi imeanza na upepo unavuma mchana kutwa. Wiki hii nimepata muda wa kupumzika. Nimeshona mapazia ya sebuleni, nimepika maharage mpaka yakaiva kweli, jambo ambalo halijatokea tangu nije mji huu. Nimeanza pia kusoma vitabu nilivyokuwa nimevirundika.

Bunge linaendelea.

Ukisikia lolote redioni usilipe uzito. Redio inapenda maneno. Soma kwa ajili ya mitihani yako ya muhula, na usipoteze muda kuniandikia mpaka umalize.

Shangazi yako


Katumba Songwe
Jumapili, 20 Mei 2018

Shangazi,

Mugonile. Sisi tuko hai. Bibi yuko hai, nguruwe wa jirani yuko hai, na mzee Anyisile Mwakalobo yuko hai pia.

Alhamisi Baba Naila aliniita dukani. Ana gazeti la siku tatu nyuma alilofungia sukari. Akaniambia, "Shangazi yako yuko nje ya Bunge, binti. Wewe hujui?" Nikasema nyumbani kwetu hakuna anayejua. Akanisomea kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu. Kwa hiyo najua mapazia uliyashona siku gani na kwa nini.

Sasa nikueleze ya huku, kwa sababu hukuniuliza.

Siku mbili baada ya wewe kusoma majina, dada yake mzee Anyisile, anaitwa Lucy, ameolewa ng'ambo ya Songwe upande wa Malawi, alivuka mto na wanawake wanne. Walianza kulia tangu kwenye migomba. Walipotokea uani walimkuta marehemu anakula ndizi na dagaa wa usipa.

"Dada, unamlilia nani?" mzee akamuuliza.

"Nakulilia wewe! Redio imesema umekufa maji!"

"Basi kaa chini ule, maana marehemu bado ana njaa."

Watu wote walicheka, na habari ikasambaa hiyo hiyo siku. Sasa akipeleka mpunga mashineni vijana wanasema, "Mpisheni marehemu, ana haraka ya kurudi kaburini." Mtendaji wa kijiji alisema kwenye mkutano, "Mbunge wenu huyo anazika watu walio hai. Akiwaletea daraja, litakuwa la kwenda ahera." Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake. Hakuna aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wale waliokupigia makofi Desemba.

Mzee Anyisile alicheka siku ya kwanza tu. Tangu hapo hasalimii mtu.

Shangazi, ni mimi. Beatrice hakunitajia jina. Asingeweza kunitajia, ni mkwe. Nilitaja mimi, akajifunika uso, nikachukua kujifunika kuwa ndiyo. Na kosa kubwa silo hilo. Uliponiuliza Februari kama nimehakikisha, nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi, na kabla sijakujibu nilimwona mzee Anyisile kwenye foleni ya mashine, amebeba debe. Mtu wa mbele yangu alimwita kwa jina lake. Ile mistari miwili niliyoikata ilikuwa inasema hivyo. Nikaikata, nikakuandikia kwamba yote ni majina ya watu wa hapa kwetu. Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo.

Niliogopa kwamba ukijua hutanichukulia tena kama mwenzako kazini. Sina sababu nyingine.

Niambie nifanye nini.

Atupele


Dodoma
27 Mei 2018

Atupele,

Salamu kwa mama. Usimweleze chochote.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika siku mbili, na siku ya tatu niliona haya. Nitakueleza yote mawili.

Ilikuwa hivi. Naibu waziri alisimama na karatasi kutoka wilayani, akasema mmoja wa marehemu wa Mheshimiwa Veronika juzi alionekana akikoboa mpunga. Walicheka dakika nzima, na hayo nayo yameandikwa kwenye mabano. Kiti cha Spika kikaniambia nifute kauli. Hapo ungeweza kudhani ni jambo jepesi, unasema "nafuta" unakaa. Lakini sikuomba nafasi kusoma jina moja. Nilisoma saba kwa pamoja, kama ushahidi mmoja. Nikifuta, zinaondolewa zote dakika moja na nusu, na Nancy wako anaondoka pamoja nazo. Nikasema sifuti mpaka nipate nafasi ya kusahihisha. Ndipo nilipotolewa nje na kupelekwa kwenye kamati. Wananisikiliza tena tarehe 12 Juni. Nisipokuwa na uthibitisho siku hiyo, maneno yote yataondolewa kwenye kumbukumbu.

Kamati imeshanihoji mara moja, wakaniuliza nani aliyekusanya majina. Nikasema niliyakusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Niliyasema hayo nikiwa chini ya kiapo. Kwa hiyo usijione peke yako katika mambo ya uongo.

Nilikwambia Februari nilibanwa. Sikubanwa. Kulikuwa na uchaguzi ndani ya chama, nikaenda siku nne kutafuta kura za nafasi ambayo hata sikuipata. Zile siku nne ndizo nilizopaswa kukaa kwa akina Mwakalobo nikiuliza. Mtu mzima mwenye posho ya safari alikaa, akamwachia kazi msichana wa miaka kumi na sita.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usifanye chochote. Una mitihani. Shule yako ni ya serikali, na hapo kijijini yupo mtu ambaye angefurahi kuuliza mwanafunzi anafanya nini kwenye siasa za upinzani. Mimi nimeshazoea kutolewa nje. Wewe ukitolewa shule, huo ndio mwisho wa mambo mengi.

Hili ni agizo, siyo ushauri.

Veronika


Duka la Baba Naila
Jumatatu, 4 Juni 2018

Shangazi,

Mugonile. Bibi anakusalimu, na safari hii anajua kila kitu, kwa sababu jana baada ya ibada nilimweleza. Aliendelea kuchua mguu wake. Kisha akasema, "Veronika tangu mdogo alikuwa akivunja chungu anasema ni yeye hata kama ni paka. Usimwache aendelee."

Agizo lako nimelisoma mara nyingi na sikulifuata. Nakueleza nilichofanya kwa mfuatano.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa akina Mwakalobo. Mzee Anyisile alikuwa anageuza mpunga juani kwa miguu, anatembea taratibu juu ya turubai. Nilipiga magoti pembeni nikamsalimu kama baba.

"Mugonile, tata."

"Nani wewe?"

"Mjukuu wa Marta."

"Umekuja kunililia? Umechelewa, wenzako walishakuja."

"Nimekuja kusema kwamba ni mimi niliyekuandika."

Hakusimama. Aliendelea kutembea mpaka mwisho wa turubai, akageuka, akarudi. "Kwa nini mimi?"

Nikasema, "Sikumjua mwingine, tata."

Hapo ndipo aliposimama. "Huyo mwingine anaitwa Hezroni," alisema. "Kaka yangu. Miaka ishirini aliishi ng'ambo, akarudi afie kwenye ardhi ya baba yake, na hakumaliza hata mwaka. Alikuwa anatoka zahanati, ana dawa mfukoni. Hakuna mtu hapa aliyemzoea. Mwaka mzima nimebaki mimi tu wa kumtaja. Halafu wewe unakuja, hata kifo chake unanipa mimi."

 Nililia, lakini siyo kwa ajili ya kumlainisha. Machozi yalitoka tu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nyumba. Alikuwa Beatrice. Hakujitokeza, maana baba mkwe alikuwa uani. Aliongea na mimi, lakini alipaza sauti ili mzee asikie bila kuambiwa. "Atupele, kanisani kuna kitabu cha mazishi. Tulizika tarehe kumi na tisa Machi. Mwinjilisti aliandika na sababu ya kifo. Mwambie aliyekutuma kwamba mkwe naye anaumia, mtu wake akikosewa jina."

Mzee aliutazama ule ukuta kama vile umemsemesha. Kisha akaingia ndani akatoka amevaa koti.

Tulikwenda pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Mashineni tulipopita kijana mmoja akaanza, "Mpisheni mare—" halafu akaona ninavyolia akaacha. Mwinjilisti Ambwene alifungua kitabu, akanionyesha mstari. Hezroni Mwakalobo, miaka sitini na minane, kufa maji, mkondo wa zamani wa Songwe. Nilinakili kwa mkono, akasoma tena neno kwa neno, akagonga muhuri wa kanisa. Nikamuuliza na wale sita wengine, nikanakili wanne waliomo humo. Nancy yumo. Wawili walizikwa kwenye makaburi ya Waislamu, na Baba Naila amenipatia barua ya imamu.

Halafu nilimwomba mzee Anyisile aweke sahihi. Aliuliza, "Unafuta jina langu?"

"Hapana, tata. Nalihamisha. Kwenye marehemu naandika kaka yako, wewe nakuandika kwenye mashahidi."

Alichukua kalamu. Aliandika polepole na hakutaka nimsaidie. Utaona mwenyewe maneno yake chini ya ukurasa: Mimi Anyisile Mwakalobo niko hai. Hezroni ni kaka yangu. Alikufa kwa kukosa daraja.

Chini yake niliandika kwamba orodha ya kwanza niliikusanya mimi, na kosa la jina la saba ni langu, na nikaeleza lilivyotokea, pamoja na habari ya Beatrice na kanga. Niliandika jina langu kamili na shule yangu. Kwa hiyo tarehe 12 huna haja ya kurudia kwamba uliyakusanya mwenyewe. Tafadhali usirudie.

Leo asubuhi nilivuka mkondo kwa miguu, maji yameshuka mpaka magotini. Kabla ya mtihani nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza, ili asiambiwe na mtu mwingine. Sauti ilitoka, ingawa ndogo. Alivua miwani akasema, "Nenda ukafanye mtihani. Mengine tutazungumza." Sijui tutazungumza nini. Nimefanya mtihani wa Kiswahili, nimejibu maswali yote.

Sasa niko dukani. Karatasi zote ziko ndani ya bahasha hii ya kaki, na nyingine kama hizo nimeziacha kanisani. Kila nilipoleta barua Baba Naila alikuwa anauliza aandike mtumaji nani, na mimi nilikuwa nasema andika duka. Leo ameuliza tena, kalamu mkononi.

Nimemwambia aandike Atupele Mwaisaka, Kidato cha Tatu. Ameandika. Basi linaondoka saa nane.

Atupele